Kama Wanipenda, Nipishe

Wageni walikuwa wameshanawa mikono, na sinia la wali na samaki wa mukeke wa kukaanga limeshatua mkekani, Mwasiti alipofunua pazia akaingia barazani bila kuitwa.

Mchumba haingii. Hilo linajulikana Rumonge nzima. Siku ambayo wakwe wanakuja kuchagua tarehe ya harusi, msichana hukaa ndani na shangazi zake, anasikia jina lake likitajwa upande wa pili wa kitambaa, anainama, anatabasamu kidogo, basi. Mwasiti aliinama vya kutosha tangu wageni watoke sala ya Ijumaa. Alimsikia Bi Mwanahamisi, mama yake Asmani, akipanga maisha yake kama mtu anayekunja nguo zilizokauka: harusi mwezi ujao, kabla ya mvua, halafu mukwe wetu aingie pale dispansere, wanatafuta wasichana wa kufunga vidonda, watamchukua hata kesho, kazi iko karibu, nyumba iko karibu, watoto watakuja. Watu wakaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Baba yake mwenyewe, Mzee Feruzi, fundi wa mabwato ambaye hakuna mvuvi asiyemjua, naye akaitikia.

Kupitia upenyo wa pazia Mwasiti akamtazama Asmani, aliyekaa kando ya mama yake na kanzu nyeupe, mikono juu ya magoti. Akangoja. Asmani alikuwa anajua. Alikuwa ameambiwa. Lakini Asmani akatikisa kichwa kukubali.

Kichwa kile ndicho kilichofunua pazia.

Akapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwanahamisi, akiwatazama wenzake kwa mshangao. "Kuna nini?"

"Mwasiti, rudi ndani," mama yake, Esha, alisema kwa sauti ya chini kutoka mlangoni.

"Nitarudi, mama. Nina neno moja tu." Akainua uso. "Mimi Jumatatu ninaenda Bujumbura. Ninaenda kujiandikisha kwa konkuru, ule mtihani wa kuingia chuo cha madaktari. Mukichagua siku ya harusi, muchague mukijua hivyo."

Mjomba wa Asmani alishikilia tonge karibu na mdomo, likabaki hapo.

"Cha wauguzi, unataka kusema," Bi Mwanahamisi alisema taratibu.

"Cha madaktari, mama."

"Mwanangu," Mzee Feruzi akaingilia, na alijilazimisha kucheka, "konkuru ile wanaifanya watoto wa wakubwa. Wavulana. Wanaingia wengi, wanatoka kidogo sana. Hapa dispansere mlango iko wazi, wanakungoja. Kwa nini ukajigonge kichwa kwenye mlango uliofungwa?"

"Hodi hupigwa mlango uliofungwa, baba. Ulio wazi hautoroki."

"Na ukipita?" Bi Mwanahamisi aliuliza. "Ni miaka mingapi?"

"Saba."

"Miaka saba! Na mwanangu afanye nini miaka saba? Akae pale ufukoni ahesabu mawimbi?" Akarudisha tonge lake kwenye sinia, akachukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja. "Feruzi, nilikuja kuoa nyumba yenye adabu. Chakula hiki hatujakila. Asmani, inuka."

Waliinuka wote. Asmani aliinuka wa mwisho. Macho yake na ya Mwasiti yakakutana juu ya lile sinia ambalo mvuke wake ulikuwa bado unapanda, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na watu wengine barazani. Mwasiti alikuwa anayajua macho yale tangu alipokuwa akirudi likizo kutoka shule ya Bujumbura, anashuka kwenye kamiyo, lile lori la mizigo, na vumbi usoni, na Asmani yuko kituoni amesimama, anajifanya amekuja kupokea mzigo wa chumvi. Sema kitu, alimwambia kwa macho. Neno moja. Sema kitu.

Asmani akavaa viatu, akatoka nyuma ya mama yake.

Jikoni, Esha aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Hakumgombeza binti yake, na hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa.

"Wape sababu," alisema hatimaye. "Sema ni kwa ajili ya bibi yako marehemu. Sema alikufa hapa na hakuna daktari, wewe ukaweka nadhiri. Watu watakuelewa. Mutu mwenye uchungu anaeleweka."

"Bibi alikufa kwa uzee, mama. Alikunywa uji wake akalala."

"Nani atauliza?"

"Mimi nitajiuliza. Kwa nini lazima mutu afe ndiyo mimi nipate ruhusa ya kutaka kitu?" Akaketi kwenye kibao karibu na mama yake. "Mama, siku moja mwalimu alipasua moyo wa mbuzi mbele ya darasa. Wenzangu wakafunga macho. Mimi nikaona vyumba vyake, na vile vilango vidogo ndani, vinafunguka upande mmoja tu. Nikataka kuona wa mutu. Sikulala nikiuwaza. Ni hivyo tu. Nataka."

Esha akaacha kuosha. "Na Asmani? Humtaki?"

"Namtaka." Akakusanya kitenge magotini. "Hapo ndipo penye taabu. Namtaka kama ninavyotaka kile kingine, na hakuna anayeniambia nichague mutu wa karibu badala ya Asmani. Hakuna anayesema, Mwasiti, muache huyu, chukua jirani, yuko karibu zaidi."

Mama yake aligeuka upande wa moto asionekane anacheka.

*

Jumamosi mchana Mwasiti alimfuata Asmani kazini.

Mahali pake pa kukamua mawese palikuwa nje ya mji, ndani ya michikichi, upande wa barabara ya Minago. Wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Asmani alikuwa peke yake kwenye mashine, anasukuma ule mti mrefu wa kuzungushia, kifua mbele, na mafuta mekundu yakidondoka ndani ya pipa. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Hata akioga kwa sabuni namna gani, siku zote alinukia mawese kidogo, na Mwasiti kule Bujumbura alikuwa akipita sokoni penye mafuta anasimama bila kununua.

"Amahoro," alimsalimia.

Asmani hakusimama. "Umekuja kunitangazia na mimi? Au umenikusanyia watu kwanza?"

"Wewe nilishakuambia. Nilikuambia likizo ya Pasaka, ukacheka. Nilikuambia kwenye barua, ukanijibu habari za bei ya chikichi. Nilikuambia juzi hapa hapa, ukasema tutaona. Jana nikakuona ukitikisa kichwa."

"Ungetaka nifanye nini? Nimpinge mama yangu mbele ya watu?"

"Mimi nilimpinga baba yangu."

Mti ule ukasimama. Asmani akageuka, jasho likimtiririka, na uso wake haukuwa wa hasira kama Mwasiti alivyotarajia. Ulikuwa na hofu, na hofu ile ilimwuma zaidi.

"Mwasiti, nisikilize. Dispansere watakuchukua. Ni hakika. Utavaa nguo nyeupe, watu watakuita dokta hivyo hivyo, hapa nani anajua tofauti? Kule watakukataa. Si kwa sababu huna akili. Kwa sababu wewe ni musichana, ni mutoto wa fundi, umetoka huku. Watakukataa, utarudi hapa, na watu watakucheka njia nzima kutoka kituoni mpaka nyumbani. Mimi sitaki kukuona hivyo."

"Nikicheka nao je?"

"Usifanye mchezo."

"Sifanyi mchezo. Tofauti mimi naijua, Asmani. Hata kama Rumonge nzima haiijui, mimi nitakuwa nafunga kidonda na ninajua kuna mlango sikuupigia hodi."

Asmani alipangusa mikono kwa majani makavu. Haikutakata. "Na wakikukubali?" aliuliza, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Hilo hujaliuliza. Wakikukubali, mimi nitakuwa nani? Utakaa na watu wanaosema Kifaransa asubuhi mpaka jioni. Siku moja nitakuja kukutembelea na mikono hii, wewe utasema, huyu ni mutu wa kwetu, analeta mafuta."

"Ndivyo unavyonijua?"

"Ndivyo ninavyoogopa."

Mwasiti alitaka kuishika ile mikono. Ilikuwa karibu, hatua moja tu. Upepo wa ziwa ulipita kwenye michikichi na majani yakagongana juu yao. Akajizuia, akasema:

"Baba yangu alikukataa mara ngapi?"

Asmani akayatupa yale majani makavu.

"Mara mbili. Mara ya kwanza alisema mukamuaji wa mawese hatachukua binti yake aliyesoma. Mara ya pili hakukukaribisha hata kuketi, ulisimama juani na mjomba wako, na watoto wa jirani wakaimba nyuma yenu. Na wakati ule kulikuwa na wasichana mji huu ambao baba zao wangekupa siku ile ile. Milango wazi! Rafiki zako wakakuambia. Mbona hukwenda?"

"Sikuwataka wale."

"Ulirudi mara ya tatu."

"Nilikutaka wewe."

"Basi," Mwasiti alisema, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu jana yakamtoka bila ruhusa, "basi wewe kati ya watu wote ungejua. Sikuja kuomba unipe ruhusa. Nilikuja kwa sababu nilifikiri wewe utajua."

"Mimi nilikuwa naomba muke. Wewe unaomba kuondoka."

"Mimi naomba kupita. Kama wanipenda, nipishe. Kama huwezi, sema leo, nikuache huru. Oa mwezi ujao umtakaye, sitakulaani. Nitaumia, lakini sitakulaani."

Mwasiti alitumaini atasema hapana. Alimpa muda wote wa kusema hapana.

"Nenda basi," Asmani alisema, akageukia mashine. "Nenda."

Mwasiti akaenda. Nyuma yake alisikia mti ukianza kuzunguka tena, kwa nguvu, kwa nguvu mno, kama mtu anayekamua pipa lisilo na kitu ndani.

*

Jumatatu hakuna shofa wa kamiyo aliyekubali kumchukua. Mzee Feruzi alikuwa amepita kituoni Jumapili, akasalimiana nao mmoja mmoja, na sasa kila mmoja alikuwa na udhuru wake: huyu kamiyo imejaa, yule gurudumu bovu, na shofa mmoja, Hamissi, ambaye hakuweza kusema uongo, akatazama tu chini. "Baba yako aliniomba, dada. Bwato la kaka yangu amelitengeneza yeye."

"Sawa," Mwasiti alisema. "Barabara hakuiomba."

Akajifunga kitenge vizuri, akaweka mzigo wake kichwani, akashika njia ya Minago kwa miguu. Huko kulikuwa na kamiyo za kubeba ndagala, dagaa wa ziwani, ambazo shofa wake hawakuwa na deni la heshima kwa Feruzi.

Vumbi la kiangazi lilikuwa jekundu, na ziwa upande wa kushoto lilikuwa limetulia, milima ya Kongo imefichwa na ukungu mkavu. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala mchangani walisimama kumtazama. Mmoja akapaza sauti, "Binti Feruzi, unakimbilia wapi?" Naye akajibu bila kupunguza mwendo, "Sikimbii, mama, natembea." Wakacheka, lakini hawakumcheka vibaya.

Alikuwa ameacha mji nyuma kitambo aliposikia baiskeli. Hakugeuka. Aliijua kwa mlio wa mnyororo. Asmani akampita, akasimama mbele yake. Alikuwa ameondoa madumu ya mafuta, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga gunia lililokunjwa vizuri, la kukalia.

"Sijakubali," alisema, akihema. "Nataka ujue hivyo. Bado sijakubali."

"Basi rudi."

"Nitarudi nikifika Minago. Panda."

Mwasiti alilitazama lile gunia, namna lilivyofungwa kwa uangalifu, na moyo wake ukayeyuka. Lakini miguu yake haikusogea. "Nikipanda, jioni watasema umenitorosha. Baba atakuja na wazee kunirudisha, na atakuwa na haki. Hapana. Safari hii lazima ionekane ni ya kwangu."

Asmani akafikiri. Kisha akashuka, akautoa mzigo kichwani mwake, akaufunga juu ya gunia. "Mzigo haujatoroshwa na mutu," alisema. Akahamia upande wa pili wa barabara, akasukuma baiskeli kwa miguu, barabara nzima ikiwa katikati yao.

Walikwenda hivyo. Waendao sokoni waliwapita katikati na kuwatolea macho. Wakati mwingine Asmani alikuwa anasema kitu kutoka ng'ambo ile, na ilibidi aseme kwa sauti, kila mtu asikie.

"Mama amesema nikikufuata nisirudi kula kwake!"

"Na utakula wapi?"

"Sijui! Sijafika huko!"

Na baadaye, bila kumtazama: "Miaka saba ni mingi, Mwasiti."

"Ni mingi," alikubali. "Sitakudanganya ni michache."

Minago walifika jua likiwa kali. Kamiyo moja ilikuwa inapakia magunia ya ndagala, na Mwasiti alikuwa ameshaanza kuzungumza na shofa wake wakati kamiyo nyingine ilipofunga breki nyuma yao, vumbi likawafunika wote. Ilikuwa ya Hamissi. Mlango ukafunguliwa, Mzee Feruzi akashuka, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi zake.

"Twende nyumbani," alisema.

"Hapana, baba."

Wapakiaji wakaweka magunia chini ili wasikie vizuri.

"Na wewe!" Mzee Feruzi akamgeukia Asmani. "Mwanaume gani anasukuma mzigo wa mchumba anayemkimbia?"

Asmani aliegesha baiskeli. Akasogea mpaka akawa kando ya Mwasiti, si karibu sana, karibu tu. "Mzee, hakuna anayenikimbia. Harusi nimeiahirisha mimi. Watu wakiuliza, sema ni Asmani hakuwa tayari. Aibu iwe ya kwangu, si ya nyumba yako."

Ilikuwa zawadi kubwa. Mwanaume hujitia aibu hiyo mara moja tu katika maisha, mbele ya shofa na wapakiaji, na ifikapo jioni pwani nzima inajua. Mwasiti akamgeukia.

"Usinisemee hivyo," alisema kwa upole. "Asante, lakini hapana. Baba, si yeye aliyeahirisha. Ni mimi. Asmani alitaka iwe kesho. Mimi ndiye niliyesema bado, na sitaki mutu mwingine abebe."

"Mwasiti!" Asmani alinong'ona. "Aibu hii ningeimaliza mimi."

"Ungeimaliza kwa uongo."

Mzee Feruzi aliwatazama, mmoja na mwenzake, wamesimama juani wakigombana nani achukue aibu. Aliketi juu ya gunia la mtu bila kuomba.

"Wakikukataa?" aliuliza hatimaye.

"Nitajaribu tena mwaka ujao."

"Wakikukataa mwaka ujao?"

"Baba, sijui. Sina jibu la kila kitu. Nina miguu na nina Jumatatu ya leo."

Hamissi aliwasha injini, akaizima, akaona haya.

"Radhi sijakupa," Mzee Feruzi alisema, akiinuka. "Tusielewane vibaya. Nimekasirika, na nitakasirika mpaka mvua zije." Akaenda mpaka kwenye kamiyo ya Hamissi, akafungua mlango wa mbele. "Lakini binti yangu hatapanda juu ya ndagala kama gunia. Hamissi, mukalishe hapa mbele, karibu na wewe. Na umufikishe mpaka mlangoni kwa shangazi yake Mariyamu, Buyenzi, umuone ameingia."

Mwasiti alitaka kumbusu mkono, lakini baba yake alikuwa ameshageuza uso upande wa ziwa.

Asmani alileta mzigo. Alipoupitisha dirishani, vidole vyao vikagusana chini ya kitambaa, na hakuna aliyeviondoa haraka.

"Umekubali?" Mwasiti aliuliza.

"Bado." Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa anajaribu kutabasamu. "Niulize ukirudi likizo. Nitakuwa nimefika mbali kidogo."

Gari likatoka. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wakipungua, wanaume wawili na baiskeli moja, kila mmoja anamwambia mwenzake apande. Hapo ndipo alipolia, sana, bila aibu, mpaka Hamissi akampa kitambaa chake cha kufutia kioo. Alilia mpaka Gitaza. Kisha akajipangusa uso, akaketi wima, akafunga kitenge upya.

Hamissi, aliyekuwa akitafuta neno la kusema tangu Minago, akaona sasa inafaa.

"Pole, dada. Na huko Bujumbura, ukiacha shangazi, unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mutu," Mwasiti alisema. "Ninakwenda kujiandikisha."